Jibu: Bendi ya ala tupu, mitindo mingi, wimbo hausimami

Umesema mko wanne, hamna mwimbaji, mnachanganya fanki, dabu (rege ya ala iliyojaa mwangwi) na jazi, na kila wimbo unasikika kama nyimbo tatu zimegongana. Mitindo kuwa mingi si kosa. Kosa ni kila mmoja kuubeba wake kwa wakati mmoja.

Anzeni na ngoma na besi peke yao, mapigo 92 kwa dakika, dakika tano bila mapambo. Mtindo wa pili uingie kwa kitu kimoja tu: skeli ya gitaa, yaani mpangilio wa noti zake, au mwangwi wa dabu. Mwangwi huo uwekeni robo tatu ya pigo, yaani milisekunde 489. Ukikisiwa tu, unapigana na ngoma. Mwangwi usiiguse besi kabisa, la sivyo besi itakuwa uji. Khruangbin, bendi ya Texas, huchota kwenye fanki ya Thailand ya miaka ya 1960 na 1970, lakini sikiliza ngoma zao: hazina papara.

Gitaa ndilo mwimbaji wenu, basi melodi iweze kupigwa mluzi, na ipumue. Kinanda kikikaa oktava moja nalo, yaani kimo kilekile cha sauti, kipandisheni juu au kinyamaze.

Mkikata vipande vya rekodi za watu na kuvitia kwenye wimbo wenu, muoneni mwanasheria wa hakimiliki kabla ya kutoa wimbo.