Kusoma wakati wa msiba

SWALI: Assalaam aleikum, Mhariri. Tangu nifiwe na mume wangu nasoma utenzi wa Al-Inkishafi na maandishi ya Marcus Aurelius ili nipate utulivu, lakini kila nikifunga kitabu naona sikupata kitu. Nisomeje?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waaleikum salaam, dada yetu, na Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu. Nahisi unasoma kwa haraka, ukitafuta dawa katika kila ukurasa. Marcus Aurelius, aliyetawala Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180, aliandika kwa Kigiriki ili kujikumbusha mwenyewe, na ndiyo maana hurudia jambo lile lile. Fungu moja kwa siku linatosha.

Al-Inkishafi ndiyo ningependa ukae nayo zaidi. Mtunzi wake, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, anauhoji moyo wake mwenyewe, kisha anautembeza katika majumba yaliyoanguka ya Pate, mji wa kale wa pwani ya Kenya, mpaka kwenye madaka ya ukutani yaliyokuwa yamepangwa sahani za thamani, ambamo sasa wamelala makinda ya ndege. Usikimbilie mafunzo hapo. Soma ubeti kwa sauti, maana tungo hizi ni za kusikika, kisha uuulize moyo wako unalilia nini hasa: mtu, sauti yake, au maisha mliyokuwa mmeyapanga. Machozi yakija, yaache yatoke. Mshairi naye anawalilia waliokuwamo.

Na ikiwa usingizi umekukimbia na chakula hakipiti, nenda hospitali ukamwone daktari, huku ukiendelea kusoma.