Maswali yenu: makanisa na mapenzi ya jinsia moja

Yaya, hapa Kampemba watu wanatucheka. Wanasema sisi Metodiste tunafungisha sasa ndoa za wanaume kwa wanaume. Ni kweli?

Baba, katika makanisa yetu ya Lubumbashi, hapana. Mimi pia ni Metodiste, na swali hilo nimeulizwa sokoni, kwenye matanga, hata kwenye basi. Mwaka 1972 Konferensi Kuu, mkutano wa juu wa kanisa letu, iliandika kwamba matendo ya jinsia moja hayapatani na mafundisho ya Kikristo. Miaka ikapita kwa mabishano, na huko Marekani zaidi ya makanisa 7,000 yakajitoa, mengi yakiona kwamba katazo hilo halisimamiwi. Mwezi wa Mei 2024, kule Charlotte, Marekani, wajumbe wa Konferensi hiyo walipiga kura 692 kwa 51 kuondoa katazo la kuwaweka wakfu wachungaji walio katika uhusiano wa namna hiyo, kisha wakafuta na yale maneno ya 1972. Ndugu zetu wa Côte d'Ivoire wakaondoka mwezi huohuo.

Lakini wanaotucheka hawasemi nusu ya pili. Hakuna mchungaji anayeweza kulazimishwa kufungisha ndoa hizo, wala kuadhibiwa akikataa. Tena, mpango wa kanda, uliopitishwa mwaka 2025, unaipa Afrika nafasi ya kujitungia kanuni zake kuhusu ndoa na uchungaji. Maaskofu wetu wa Kongo wameshasema kwamba kwetu ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Mimi nilifurahi tulipobaki pamoja. Hospitali na shule tulizojenga na wenzetu wa Marekani tangu siku za mmisionari Springer ni kazi ya zaidi ya miaka mia.

Na Wakatoliki je? Si Papa alibariki?

Papa Fransisko hakubariki ndoa. Hati ya tarehe 18 Desemba 2023 iliruhusu padri kuwaombea baraka fupi watu wawili wanaoishi hivyo, bila ibada maalumu na bila chochote kinachofanana na harusi. Mafundisho kuhusu ndoa hayakuguswa. Hata hivyo Afrika ilitikisika. Tarehe 11 Januari 2024 Kardinali wetu Fridolin Ambongo wa Kinshasa, kwa jina la maaskofu wote wa bara, alitangaza kwamba baraka hizo hazitatolewa katika makanisa ya Afrika, na Papa mwenyewe alikubali. Kwa kanisa ambalo neno la mwisho hutoka Roma, jambo hilo si dogo hata kidogo.

Biblia ni moja. Majibu yanatofautiana kwa nini?

Wanaokataa hushika Mwanzo 1 na 2, Walawi 18:22 na Warumi 1:26-27. Kwao jambo hili limefungwa na uumbaji wenyewe, si na desturi za Wayahudi. Wanaokubali, kama Walutheri wa Sweden waliofungua ndoa hizo mwaka 2009, husema Paulo alilaani ufisadi wa zama zake, na kwamba hakuwa akisema juu ya watu wawili wanaoahidiana uaminifu wa maisha. Hubishana hata juu ya neno la Kigiriki ambalo Biblia yetu imelitafsiri "walawiti" katika 1 Wakorintho 6:9, maana ni neno adimu sana. Mimi naona hoja ya uumbaji ndiyo nzito kuliko zote, na anayetaka kuijibu asipite kando yake.

Wapentekoste, Waadventista, Wakimbangu na Waorthodoksi?

Wote rasmi wanakataa. Waanglikana ndio waliopasuka: mwaka 1998 maaskofu wao wa dunia, katika mkutano uitwao Lambeth, walikataa kwa kura 526 kwa 70, lakini mwaka 2003 jimbo lao la New Hampshire, Marekani, likamweka wakfu askofu anayeishi na mwanamume, na jeraha halijapona mpaka leo.

Na kama kanisa hapa Kongo lingekubali?

Komini isingewaandikisha. Katiba ya 2006, kifungu cha 40, inasema ndoa ni na mtu wa jinsia tofauti.

Yaya, mimi ni mama wa Katuba. Mwanangu ana miaka 19, ameniambia yeye ni wa namna hiyo. Mchungaji amesema nimfukuze nyumbani, la sivyo laana itatuingia. Nifanye nini?

Mama, pole. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote.

Tafuta hati za makanisa yenyewe, hata zile kali. Katekisimu ya Wakatoliki, namba 2358, inataka watu hawa wapokelewe kwa heshima, huruma na upole, na inakataza kuwabagua isivyo haki. Andiko letu la 1972, lilelile lililokataza, liliwaita watu wenye thamani takatifu. Maaskofu wa Lambeth, baada ya kukataa, waliahidi kuwasikiliza. Hakuna hata moja kati ya hati hizo inayomwambia mama amtoe mtoto wake nje usiku.

Mwache alale nyumbani. Usimpeleke kwa watu wa kufunga na kupiga kwa jina la maombi. Yule mchungaji akirudi, mwombe akuonyeshe mstari, na baba yake au mjomba akae karibu nawe asikilize. Kisha niandikie tena, nitajibu wiki hiyohiyo.