Maswali ya Wasomaji: Tangi la Maji, Saa Inayochelewa na Maktaba Isiyo na Intaneti

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu zinahusu kompyuta za bodi moja, yaani zile kompyuta kamili zilizopangwa juu ya kibao kimoja kinachoenea kiganjani, ambazo zilianza kupendwa na mafundi wa kujifunzia nyumbani tangu Raspberry Pi ya kwanza ilipotoka Uingereza tarehe 29 Februari 2012. Tumechagua barua tatu, na ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu wasomaji kadhaa wa Mombasa wameuliza jambo hilo hilo kwa maneno tofauti.

Swali: Bwana Mhariri, naishi Kisauni katika nyumba ambayo maji ya mfereji huifikia usiku, tena si kila usiku. Tuna tangi la chini na jingine juu ya paa, nami ndiye wa kupanda ngazi kulichungulia lile la juu kabla ya kuwasha pampu. Nataka kutengeneza kifaa kitakachonionyesha kwenye simu maji yamefika wapi, na baadaye kiwashe pampu chenyewe. Muuzaji mmoja amenishauri ninunue Raspberry Pi 5 yenye memori ya gigabaiti 8. Je, nimsikilize?
*Mpanda Ngazi, Kisauni*

Jibu: Usimsikilize, Bwana. Pi 5 ni mashine nzuri kwa anayetaka kuiweka mezani na kuitumia kama kompyuta ya kawaida, lakini kupima maji ya tangi ni kazi ya kuhesabu namba moja kila baada ya dakika chache, na kwa kazi hiyo hata Raspberry Pi Zero 2 W, iliyotangazwa kwa dola 15 ilipotoka mwaka 2021, ina nguvu kupita kiasi. Kwa maoni yetu kinachokufaa zaidi ni kibao cha mikrokontrola chenye waifai, kama vile Pico W au chochote cha jamii ya ESP32. Kibao cha namna hiyo, tukisema kweli, si kompyuta ya bodi moja, kwa kuwa hakina mfumo endeshi wala memori kadi. Huendesha programu moja tu uliyoiandika, na kwa sababu hiyo umeme ukikatika ghafla hakiharibikiwi na kitu, na ukirudi huanza kazi papo hapo. Programu yenyewe unaweza kuiandika kwa MicroPython, lugha ya programu iliyotengenezwa kwa vibao vidogo kama hivi, na ikatoa ukurasa mdogo unaofunguka kwenye simu yoyote iliyounganishwa na waifai ya nyumbani.

Kupima maji, njia iliyozoeleka ni kihisi cha mawimbi ya sauti isiyosikika na sikio la binadamu. Kihisi hufungwa juu ya tangi kikitazama chini, kikatoa sauti, kisha kikapima muda ambao mwangwi umechukua kurudi kutoka usoni pa maji. Ukizidisha muda huo kwa mwendo wa sauti na kugawa kwa mbili, umepata umbali. Vitabu vingi huandika kwamba sauti huenda mita 343 kwa sekunde, lakini hiyo ni kwa hewa ya nyuzijoto 20, na ndani ya tangi lililopigwa na jua la Mombasa mwendo unakaribia mita 350 au zaidi. Tofauti hiyo huleta kosa la sentimita mbili hivi kwa kila mita, ambalo kwa tangi la nyumbani halina madhara, ila tunalitaja ili usihangaike kutafuta kasoro katika programu isiyo na kasoro.

Usinunue kile kihisi cha bei rahisi kiitwacho HC-SR04, chenye macho mawili yaliyo wazi, kwa sababu mvuke wa tangi utaingia ndani yake na kutu itakimaliza. Chukua JSN-SR04T, ambacho sehemu yake ya kupimia imezibwa isiingie maji na ina waya wake mrefu, hivyo kibao chenyewe kinaweza kukaa mbali na unyevu. Kumbuka tu kwamba hakioni kitu kilicho karibu nacho kwa chini ya sentimita 20 hadi 25, kwa hiyo kiinue juu ya kiwango cha maji yaliyojaa. Jambo jingine linalounguza vibao vya wanafunzi wengi ni kwamba kihisi hiki, kikiendeshwa kwa volti 5, hurudisha ishara ya volti 5, hali pini za Pico, za ESP32 na za Raspberry Pi zote zinataka volti 3.3. Tia rezista mbili, yaani vipande vidogo vinavyouzuia umeme kiasi, kati yao, moja ya omu 1,000 upande wa kihisi na nyingine ya omu 2,000 kwenda kwenye ardhi ya sakiti, kisha pini iunganishe pale zinapokutana. Volti 5 zitashuka hadi 3.3.

Kuhusu pampu tunakuomba utulie. Umeme wa nyumbani ni volti 240, na mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, kiasi kwamba vile virelei, yaani swichi zinazowashwa kwa umeme, vidogo vya buluu vinavyouzwa pamoja na vibao hivi huganda au huungua. Mwite fundi umeme mwenye leseni akufungie kontakta, yaani swichi kubwa ya aina hiyo hiyo, inayolingana na pampu, nawe kibao chako kiamrishe kontakta hiyo tu. Halafu andika katika programu kwamba pampu ikiwaka na maji ya juu yasipopanda kwa muda ulioupanga, izimwe, kwani tangi la chini likikauka pampu itavuta hewa na kuungua. Zaidi ya hayo, weka swichi ya boya kwenye tangi la juu, isiyotegemea programu, iukate umeme wa pampu maji yanapofika ukingoni. Programu yoyote, hata iliyoandikwa na bingwa, ina siku yake ya kukwama.

Swali: Mhariri mheshimiwa, nimetumia Raspberry Pi 3 na skrini ndogo kutengeneza saa ya bahari, nikaitundika barazani kwetu. Inaonyesha saa za maji kujaa na kupwa kwa kufuata jedwali la bandari ya Kilindini nililoliingiza mwenyewe, na wavuvi wameipenda. Lakini kila umeme ukikatika usiku, asubuhi wazee hunicheka kwa sababu inasema maji yamejaa hali wanaona mchanga. Pia memori kadi zinaniharibikia. Hakuna intaneti hapo barazani.
*Kijana wa Barazani, Mji wa Kale*

Jibu: Kijana wetu, jedwali lako halina makosa. Raspberry Pi zote zilizotangulia Pi 5 hazina saa inayotembea wakati umeme haupo. Zinapowashwa huuliza saa kwenye intaneti, na zisipoipata huendelea na saa ya mwisho ziliyoihifadhi. Umeme ukipotea kwa saa sita, mashine yako itakuwa nyuma kwa saa sita, nao muda kati ya maji kujaa na kupwa ni saa sita na dakika kama kumi na mbili. Ndiyo maana inakosea kwa namna mbaya kuliko zote, na siku za bamvua, ambapo maji ya Kilindini hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, hakuna mzee atakayeliacha lipite. Nunua kijibao cha saa cha DS3231 chenye betri ya umbo la sarafu, ambacho katika joto la kawaida hakipotezi zaidi ya dakika moja hivi kwa mwaka. Huunganishwa kwa waya nne tu.

Kadi nazo huharibika kwa sababu mfumo endeshi huandika juu yake wakati wote, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili hubaki nusu. Fungua raspi-config, ile programu ya mipangilio ya Raspberry Pi, na uwashe mfumo wa kuifanya kadi isomwe tu bila kuandikwa. Kwa saa isiyohifadhi chochote kipya, hilo linatosha. Lakini ingiza jedwali la mwaka mzima na uisawazishe saa kwanza, kwa kuwa baada ya hapo kila unachokibadilisha kitafutika mashine ikizimwa. Ikague pia kadi yenyewe kwa programu ya f3, maana sokoni kuna kadi zilizoandikwa gigabaiti 64 ambazo ndani hazifiki hata robo yake. Na kwa kuwa baraza lako liko karibu na bahari, pulizia bodi rangi ya plastiki inayouzwa kwa ajili ya sakiti, huku ukifunika kwa utepe wa karatasi wenye gundi pini na tundu la kadi, la sivyo chumvi italeta ukijani kwenye shaba.

Swali: Nafundisha shule ya msingi Likoni. Je, bodi moja ya namna hii inaweza kuwa maktaba ya darasa bila intaneti?
*Mwalimu, Likoni*

Jibu: Inaweza, Mwalimu. Chukua Raspberry Pi 4, uwekee programu ya Kiwix, ambayo huhifadhi Wikipedia nzima isomwe bila mtandao. Ile ya Kiswahili pamoja na picha zake haijazi kadi ya gigabaiti 16, wakati ya Kiingereza yenye picha inapita gigabaiti 90. Kolibri, programu nyingine ya kujifunzia bila intaneti, nayo ina masomo ya hisabati, baadhi yake kwa Kiswahili. Usitegemee waifai iliyo ndani ya bodi, kwani antena yake ni ndogo na darasa zima likiunganika kwa pamoja huelemewa. Iunganishe kwa waya na ruta ya kawaida, hata iliyokwisha kutumika na isiyo na laini ya intaneti. Chaja iwe ya volti 5.1 na ampea 3, si ile ya simu iliyobaki nyumbani, na ukiona alama ya radi kwenye skrini, ujue umeme unaoifikia bodi hautoshi.