Jenereta ya kilowati 5, umeme wa kilowati 1

SWALI: Kitongoji chetu kimechepusha kijito. Maji yanashuka mita 12 kwa bomba la plastiki la inchi 4, urefu mita 60, hadi kwenye turbaini, gurudumu linalozungusha jenereta. Jenereta imeandikwa kilowati 5, lakini saa 1 jioni taa zikiwashwa volti hushuka hadi 150. Fundi anataka tununue jenereta kubwa zaidi. Tufanyeje?
Msomaji, Ludewa

JIBU: Msinunue. Ile 5 ni kikomo cha jenereta, si ahadi ya kijito. Zidisheni lita za maji kwa sekunde na mita za mteremko (kimo maji yanachoshuka, si urefu wa bomba), kisha kwa 5. Mtapata wati, upotevu wa turbaini na jenereta ukiwa umeshatolewa.

Lita zipimeni mwishoni mwa kiangazi, Oktoba au Novemba. Masika kila kijito hujifanya mto. Chagueni mita 10 zilizonyooka, tupeni chungwa (huzama karibu lote, upepo hauliyumbishi) na hesabuni sekunde. Tuseme ni 25, upana sentimita 80, kina cha wastani 20: hizo ni lita 64 kwa sekunde (10 ÷ 25 × 0.8 × 0.2 × 1,000). Chini kwenye mawe maji huenda polepole kuliko juu, kwa hiyo zidisheni kwa 0.65. Zinabaki karibu 42.

Sasa bomba, na hapa ndipo nadhani mlipokosea. Mkilazimisha lita 40 kwenye inchi 4, msuguano unakula takriban mita 10 kati ya zenu 12. Hata mkipunguza maji, bomba hilo halitawapa zaidi ya kilowati 1. La inchi 6 hupoteza mita moja na nusu hivi: mtapata kilowati 2. Pesa ya jenereta iende huko. Chujio mdomoni mwa bomba lisafishwe kila asubuhi, na mdomo wenyewe uzame vizuri. Mkiona kizingia cha maji juu yake, bomba linavuta hewa.

SWALI: Usiku wengi wakizima taa, balbu za waliobaki huungua.

JIBU: Maji hayajui kwamba mmelala. Mzigo, yaani umeme unaotumika, ukipungua, turbaini inakimbia na volti zinapanda. Fungeni kidhibiti cha mzigo kinachopeleka umeme wa ziada kwenye koili za kuchemshia maji. Kwa mtambo wa kilowati 2, koili za kilowati 2.5. Ziwe ndani ya pipa lenye maji yanayopita, maana likikauka koili huungua kwa dakika chache, na balbu zitafuata. Msijaribu kurekebisha kwa kufunga valvu ghafla: maji yaliyo mbioni yakigota hupasua bomba, mara nyingi kwenye maungio ya chini.