Maswali ya Wasomaji: Boston, marathoni iliyozitangulia kanuni zake

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja. Nne kati ya tulizopokea zinahusu mbio za marathoni za Boston, nchini Marekani, ambazo zimekimbiwa karibu kila mwaka tangu 1897 na ambazo Wakenya wengi huzihesabu kama zao. Tunazijibu pamoja.

SWALI: Ndugu Mhariri, shemeji yangu ni mtu wa Tanga, na kila tukikutana sikukuu hurudia kwamba mwaka 1988 Juma Ikangaa alinyang'anywa ushindi wa Boston kwa sekunde moja. Mimi nasema Mkenya alishinda kwa halali. Ubishi huanza kabla pilau haijaiva na huendelea hadi sahani zikaoshwa. Tuamulie. (Msomaji wa Buruburu)

JIBU: Hakunyang'anywa, ndugu yetu, ingawa uchungu wa shemeji unaeleweka. Tarehe 18 Aprili 1988 Ibrahim Hussein, mwana wa Nandi, alimaliza kwa saa 2:08:43 na Ikangaa akamaliza kwa saa 2:08:44, baada ya Hussein kuchomoka mwishoni kabisa, utepe ukiwa tayari unaonekana. Hiyo sekunde moja ni ya kweli na imo katika kumbukumbu za mbio. Mwambie shemeji pia jambo ambalo huenda mwenyewe analijua lakini halitaji: Ikangaa alirudi Boston mwaka 1989 akawa wa pili nyuma ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia, akarudi tena mwaka 1990 akawa wa pili nyuma ya Gelindo Bordin wa Italia. Miaka mitatu mfululizo nafasi ya pili, na mara zote tatu kwa mtu tofauti. Ukitaka amani mezani, mkumbushe kwamba mnamo Novemba 1989 Mtanzania huyo alishinda mbio za New York kwa saa 2:08:01.

Ushindi wa Hussein ulimfanya kuwa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston, kama alivyokuwa wa kwanza kushinda New York mwaka 1987. Msomaji makini atauliza kwa nini bara hili lilisubiri zaidi ya miaka 90. Hata Abebe Bikila, bingwa wa Olimpiki aliyeishangaza dunia pale Roma, alikimbia Boston mwaka 1963 na kuambulia nafasi ya tano. Sababu moja kubwa ni fedha. Wenye mbio hizi, chama cha riadha cha Boston, walishikilia kwa miongo mingi kwamba mchezo ni wa ridhaa, na mshindi aliondoka na medali, shada la majani kichwani na sahani ya mchuzi wa nyama waliyopikiwa wakimbiaji wote. Mkimbiaji wa Kapsabet au wa Iten asingeweza kulipa nauli ya ndege kwa ajili ya mchuzi. Zawadi za fedha zilianza mwaka 1986, baada ya New York, London na Chicago kuanza kuwavuta wakimbiaji bora, na miaka miwili tu baadaye Hussein akawa wa kwanza kuukata utepe.

Yeye mwenyewe alishinda tena mwaka 1991 na 1992. Akafuata Cosmas Ndeti wa Machakos, aliyeshinda mara tatu mfululizo, 1993 hadi 1995, na ambaye mwanawe aliyezaliwa siku chache kabla ya ushindi wa kwanza alipewa jina la mji huo. Kuanzia 1991 hadi 2000 hakuna mwanamume asiye Mkenya aliyeshinda Boston, mpaka Lee Bong-ju wa Korea Kusini alipouvunja mfululizo huo mwaka 2001.

SWALI: Mimi ni kijana ninayefanya mazoezi Kasarani. Kocha wetu alituambia Geoffrey Mutai alikimbia marathoni kwa saa 2:03:02 mwaka 2011, wakati rekodi ya dunia ilikuwa 2:03:59, lakini hakupewa rekodi. Je, ni kwa sababu alikuwa Mkenya?

JIBU: La, kijana wetu, hilo ondoa moyoni. Rekodi nyingi za barabarani zimeandikwa kwa majina ya Wakenya. Kasi ya Mutai hakuna aliyeitilia shaka, na Moses Mosop aliyemfuata kwa saa 2:03:06, katika marathoni yake ya kwanza maishani, alikumbwa na mkasa uleule. Kilichokataliwa ni barabara.

Shirikisho la riadha duniani lina masharti mawili hapa. La kwanza, ukipiga mstari mnyoofu kutoka mahali pa kuanzia hadi pa kumalizia, usizidi nusu ya urefu wa mbio. La pili, njia isishuke zaidi ya mita 1 kwa kila kilomita, yaani mita 42 hivi kwa marathoni nzima. Boston inaanguka mitihani yote miwili. Wakimbiaji huanzia Hopkinton, mji mdogo ulio magharibi, wakaelekea mashariki karibu moja kwa moja hadi barabara ya Boylston katikati ya jiji, na njiani hushuka takriban mita 140.

Ufikirie mfano wa nyumbani. Mbio za Nairobi, zilizoanzishwa mwaka 2003, kwa miaka mingi zilianzia Uwanja wa Nyayo na kurudi palepale. Upepo uliokusukuma ukienda, ulikupiga kifuani ukirudi, na kila mteremko ulioufurahia ulikuja kuupanda. Sasa fikiria tungeanzia Limuru na kumalizia mjini: yeyote angepata muda wa kujivunia, na siku ya upepo wa mgongoni ungekuwa wa ajabu kabisa. Mteremko wa Boston hauko mkali kama huo wa Limuru, lakini hoja ni ileile. Siku ya Mutai upepo ulivuma kutoka nyuma safari nzima. Mwaka 2018 ulivuma kutoka mbele, tena na mvua ya baridi, na Yuki Kawauchi wa Japani akashinda katika barabara ileile kwa saa 2:15:58. Tofauti ya takriban dakika 13 haiwezi kuelezwa kwa miguu peke yake.

Utauliza kwa nini wasiibadilishe njia. Jibu ni umri. Waasisi waliiona marathoni ya Olimpiki ya Athens mwaka 1896, wakarudi kwao na kuandaa yao tarehe 19 Aprili 1897. Watu 15 walianza kukimbia kutoka Ashland, 10 wakafika, na John McDermott wa New York akashinda kwa saa 2:55:10. Njia ilikuwa ya kilomita 39 hivi, kwa sababu kipimo cha kilomita 42.195 kilikuwa hakijaamuliwa. Kipimo hicho kilitokana na Olimpiki ya London ya 1908. Mwaka 1924 mahali pa kuanzia palisogezwa Hopkinton ili kurefusha njia. Hata hivyo kati ya 1951 na 1956 matengenezo ya barabara yaliifupisha kwa zaidi ya kilomita 1 na hakuna aliyegundua kwa wakati, kwa hiyo muda wa miaka hiyo nao usomwe kwa tahadhari. Wenyewe wanaipenda barabara yao kuliko rekodi, na kwa maoni yangu hawakosei.

Wala usidhani kushuka ni starehe. Mapaja hupondeka katika kilomita za mwanzo, kisha kuanzia kilomita ya 26 hivi, pale Newton, njia inapanda mara kadhaa. Mpando wa mwisho huitwa Kilima cha Kuvunja Moyo, jina lililotokana na mbio za 1936. John Kelley alimfikia Ellison Brown aliyekuwa akiongoza, akampigapiga mgongoni kama wa kumpa pole. Brown akakasirika, akaongeza mwendo na kushinda, na mwandishi mmoja wa gazeti akaandika kwamba moyo wa Kelley ulivunjikia hapo. Kocha wako atakubaliana nami kwamba mpinzani hapigwi mgongoni kabla ya utepe.

SWALI: Wanawake walianza lini kukimbia Boston, na Mkenya wa kwanza ni nani? (Mama wa Lang'ata)

JIBU: Kwa ruhusa rasmi, Mama, ni mwaka 1972, ambapo Nina Kuscsik alishinda. Bila ruhusa, ni mapema zaidi. Roberta Gibb alijificha kichakani karibu na mahali pa kuanzia mwaka 1966 na kuingia katikati ya wanaume. Mwaka uliofuata Kathrine Switzer alijiandikisha kwa herufi za mwanzo za majina yake, akapewa namba 261, na msimamizi mmoja akamrukia barabarani akitaka kumnyofoa namba hiyo. Alimaliza.

Mkenya wa kwanza kushinda ni Catherine Ndereba, mwaka 2000, na akarudia 2001, 2004 na 2005. Hellen Obiri alishinda 2023 na 2024, na mwaka 2025 Sharon Lokedi akampiku Obiri huyohuyo kwa saa 2:17:22, muda ulioivunja rekodi ya wanawake katika njia hiyo.

SWALI: Kwa nini hukimbiwa Jumatatu, siku ya kazi? (Msomaji wa Umoja)

JIBU: Kwao si siku ya kazi. Ni sikukuu ya jimbo la Massachusetts ya kukumbuka mapigano ya 1775 yaliyofungua vita vya uhuru wa Marekani, na tangu 1969 huadhimishwa Jumatatu ya tatu ya Aprili. Wanaume mahiri huondoka Hopkinton baada ya saa tatu na nusu asubuhi kwa saa za huko, yaani baada ya saa kumi na nusu jioni hapa Nairobi. Ukitoka kazini saa kumi na moja na usikwame barabarani, utawakuta kabla ya Newton.