Wadogo zangu, hesabuni nguzo kabla ya kuwataja Wamongolia

Wiki iliyopita nilikaa kwenye semina nikawasikiliza watatu wenu wa mwaka wa kwanza wakisema jambo lile lile: Wamongolia walizoea mahema, kwa hiyo walipoitawala China wakaondoa nguzo ndani ya kumbi ili wapate nafasi. Nilishindwa kutulia kitini. Nawapenda, ndiyo maana naandika.

1. Andikeni mwaka, msiishie kwenye "Yuan", jina la enzi ya Wamongolia nchini China. Kublai, mtawala wao, alitangaza jina hilo 1271, lakini kaskazini ilikuwa mikononi mwa Wamongolia tangu Jin, dola iliyotawala huko kabla yao, ilipoanguka 1234. Majengo makuu ya Yonglegong, hekalu la Kitao mkoani Shanxi, yalikamilika 1262; michoro ya ukutani ya ukumbi wa Sanqing ni ya 1325.

2. Dougong, yaani vile vibao vilivyopandana juu ya nguzo kubeba paa: pimeni kimo chake dhidi ya nguzo, msikadirie kwa macho.

3. Sasa hizo nguzo. Mimi niliandika hivyo hivyo, kurasa thelathini na mbili, sura nzima ya tasnifu. Nilikuwa nimetoka Hongdong, Shanxi, kuliona hekalu la chini la Guangsheng, ambalo ukumbi wake mkuu ulijengwa upya 1309 baada ya tetemeko la 1303. Ndani, nguzo kadhaa zimeondolewa, nyingine zimesogezwa, na juu yamelazwa magogo makubwa yaliyochongwa kidogo tu, bado yamepinda kama yalivyotoka msituni. Nikasema, hema ndilo hili! Nikachora hema upande mmoja, ukumbi upande wa pili, na mshale katikati. Mshale ule niliupenda kuliko ushahidi wowote.

Msimamizi wangu alisoma, akanyamaza, kisha akanituma kwenye hekalu la Foguang, kule Wutai, Shanxi hiyo hiyo. Akanikataza kuanzia kwenye ukumbi wa mashariki wa 857 ambao kila mtu hukimbilia kuupiga picha. "Ingia ukumbi ule wa Wenshu. Hesabu nguzo za ndani."

Nilishinda ndani ya basi siku nzima. Niliingia, nikahesabu: nne. Ukumbi wenye nafasi saba kati ya nguzo kwa mbele, paa zito kiasi kile, na ndani nguzo nne tu. Nikahesabu tena kuanzia upande wa pili, zikabaki nne. Na ukumbi huo ni wa 1137, enzi ya Jin. Genghis Khan mwenyewe alikuwa hajazaliwa! Nilikaa nje ya mlango hadi mlinzi alipokuja kuuliza kama naumwa.

Miezi minne ya kuandika upya niliimeza. Lililoniuma zaidi, na linaniuma mpaka leo, ni wale maseremala wa Shanxi. Jasho lao niliwanyang'anya nikawapa wapanda farasi, kwa sababu hadithi ya hema ilikuwa tamu. Wamongolia waliikuta mbinu hiyo ikifanya kazi. Chini yao iliendelea na kuenea. Haya ndiyo ninayotaka kuyasoma kwenye rasimu zenu.

4. Mji Uliokatazwa ulikamilika 1420, chini ya Ming, enzi iliyofuata Yuan. Tafadhali.

5. Mkitaka kuuona mkono wa Wamongolia, tazameni watu waliowaita. Dadu, mji mkuu wa Kublai (Beijing ya leo), iliyoanza kujengwa 1267, ilipangwa na Liu Bingzhong, Mchina, kwa kufuata kanuni za kale za Kichina. Langoni Juyongguan, kwenye Ukuta Mkuu, lile jukwaa la mawe la miaka ya 1340 lina maandishi ya aina sita, Kitibeti na Kitangut yakiwemo. Na Anige, fundi sanaa, alitoka Nepal akiwa kijana mdogo, akapitia Tibet, akafika kwa Kublai, akajenga stupa (mnara wa Kibudha) nyeupe ya hekalu la Miaoying, Beijing, kati ya 1271 na 1279. Ina mita 51 hivi, na umbo lake la chupa halikutoka kwa seremala yeyote wa Shanxi.

Mwaka jana nilimpeleka mdogo wenu mmoja pale. Alizunguka mara tatu bila kusema neno, kisha akaniomba penseli. Jumamosi hii nitakuwa getini pa Miaoying saa tatu asubuhi. Njooni na futi kamba, na rasimu zenu pia.