Mshipa mpya wa damu unajuaje uelekee wapi?

Dada umeuliza jeni zinazofanya kazi mtoto akiumbwa tumboni zinahusikaje na kidonda cha kisukari cha mama kisichofunga. Zinahusika sana! Iko hivi, tishu ikikosa oksijeni inatoa protini inaitwa VEGF, ila hiyo ni kama hodi tu, seli ya mshipa isipokuwa na kipokezi haisikii kitu, na wingi wa vipokezi unaamuliwa na hizo jeni. Chukua Notch, jeni ya kipokezi kilicho juu ya seli: seli iliyonasa VEGF nyingi inaotesha juu yake Dll4, protini ya kuamsha Notch, ikigusana na jirani Notch ya jirani inaamka na kupunguza VEGFR2, yaani vipokezi vya VEGF, kwake, basi huyo hatangulii tena, anafuata nyuma kujenga bomba. Ni kama warina asali huku kwetu Tabora wakiingia pori la miombo, mmoja mbele na panga wengine wanafuata njia, wakitangulia wote ni vurugu, na kweli Dll4 ikizibwa mishipa inachipua mingi hovyo lakini damu haipiti vizuri.

Halafu kuna HOXD3, jeni nyingine kati ya hizo, inaongeza integrini, vile vipokezi vya kujishikiza ili seli isogee mbele, jeni mwenzake HOXD10 yenyewe inaituliza seli. Kwenye vidonda vya panya wenye kisukari HOXD3 ilikutwa iko chini, walipoongezewa vikafunga haraka. Kwa binadamu bado haijawa dawa, kwa hiyo mama asiache kliniki na huo mguu muuangalie kila siku, tafadhali.